Imerekebishwa na Mama Pacha

Jina la Bi Komeo hakupewa na wazazi. Alilipata kazini, siku alipoingia chooni katika nyumba ambayo haikuwa na mtu mwingine ila mgonjwa aliyelala kitandani, hajiwezi hata kugeuka, na bado akafunga mlango kwa komeo. Mgonjwa alisikia komeo likilia, akacheka mpaka akapaliwa, na waliokuja kumtazama jioni wote wakasimuliwa. Jina likaganda. Mwenyewe hakulikataa. "Bora komeo kuliko mlango wazi," alisema, na tangu siku hiyo hata bosi wake akamwita hivyo.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa mikono na mwepesi wa miguu, na kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao. Kazi aliijua. Angeweza kumgeuza mtu mzima kitandani na mtu huyo asiamke. Tatizo lilikuwa kichwani. Ukimsifu, alijiuliza unataka nini. Ukimnyamazia, alijiuliza umesikia nini. Mdogo wake, fundi cherehani aliyekaa naye nyumba moja, alichoka naye zamani.

"Dada, wewe hata kivuli chako kikikutangulia utakiuliza kinakwenda kusema nini huko mbele."

"Na kinakwenda kusema nini?" Bi Komeo aliuliza.

Mdogo wake akacheka peke yake, akarudi kwenye cherehani.

Lakini tusimwonee. Zamani alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja, na siku moja mwenzake wa zamu aliapa mbele ya wakubwa kwamba alimwambia kwa mdomo mgonjwa fulani asipewe chakula. Hakumwambia. Mgonjwa alikula, mambo yakaharibika, na aliyefukuzwa ni Bi Komeo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye alishtuka hata akiona kamba ya kiatu.

Sasa aliajiriwa na wakala mdogo wa wahudumu wa majumbani, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Mwenye wakala alikuwa muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Sista, mama mwenye sauti ya upole na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Wahudumu hawakuzidi vidole vya mikono miwili. Bi Komeo alipangwa zamu ya asubuhi kwa mzee mmoja aliyekuwa na kiwanda kidogo cha uchapishaji enzi zake, na kwa hiyo akaitwa Mzee wa Chapa. Kiharusi kilimchukulia upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, na ulimi ulibaki na ukali wake, ingawa maneno yalitoka polepole. Mke alikwisha kufa. Binti yake wa pekee, mhasibu, alikaa mji mwingine, na ndiye aliyelipia huduma.

Zamu ya jioni ilikuwa ya Mama Pacha, mwanamke mdogo wa umri, mwembamba, mwenye haraka ya kudumu kwa sababu nyumbani alikuwa na mapacha wanaotambaa kila mmoja upande wake. Kila siku, Bi Komeo alipomaliza, Mama Pacha alimkuta mlangoni. "Shikamoo." "Marahaba." Wakakaa barazani kwa kikombe cha chai, wakakabidhiana siku: Mzee amekula nini, amelala vipi, ameuma meno kwa jambo gani. Bi Komeo hakumwamini hata hapo, maana hakumwamini mtu. Lakini alimwona usoni, na uso ni kitu.

Ndipo Sista alipokwenda kwenye semina.

Alirudi amechangamka. Akawaita wahudumu wote ofisini, wakabanana kwenye viti na kwenye dirisha, akawaonyesha programu ya kuandikia inayofunguka kwenye simu ya kila mmoja. Kila mgonjwa ana ukurasa wake. Aliye zamuni anaandika, na wengine wote wanaona papo hapo. Jamaa wa mgonjwa pia anaona, hata kama yuko mji mwingine. Ukibadilisha neno, programu inaandika chini yake nani amebadilisha.

"Hili ni daftari letu la pamoja," Sista alisema. "Hakuna tena nilimwambia, hakuniambia. Tutafanya kazi kama timu moja."

Wengine walipiga makofi. Bi Komeo aliinua mkono. "Na likishajua kila tunachokijua, Sista, sisi tutabaki wa nini?"

Watu walicheka, na Sista naye akacheka, na Bi Komeo akaona kwamba swali lake halikujibiwa. Aliliweka moyoni.

Jambo la pili lilimkera zaidi. Kwa kuwa makabidhiano sasa yako kwenye simu, Sista alisema hakuna haja ya wawili kukutana. Bi Komeo ataondoka saa nane, Mama Pacha ataingia saa nane na nusu, na Mzee atapumzika peke yake hiyo nusu saa katikati. Chai ya barazani ikafa. Wanawake wale wawili wakawa maandishi tu, mmoja akimsoma mwenzake.

Bi Komeo aliandikia kwenye simu yake mwenyewe na hakukubali kifaa kingine chochote. Mama Pacha simu yake ilikuwa imepasuliwa kioo na mapacha, kwa hiyo aliandikia kwenye tableti ya Mzee, ile aliyonunuliwa na bintiye ili awaone wajukuu. Ilikaa kwenye meza ndogo karibu na kiti chake, imechomekwa kwenye umeme, na hakuna aliyeifikiria zaidi ya hapo.

Wiki za kwanza zilipita salama, na tuseme kweli, hata Bi Komeo alifaidi. Alisoma asubuhi kwamba Mzee alikohoa jioni, akamchemshia maji kabla hajaulizwa. Alimwandikia mwenzake kwamba soksi za kubana zimefuliwa ziko kambani, na jioni zikavaliwa. Alikuwa karibu kulegea.

Kisha ikaja asubuhi moja. Jana yake alikuwa ameandika: *Mzee amekasirika, amekataa kuoga.* Alipofungua simu akakuta: *Mzee hakuoga. Maji yalikuwa ya baridi.* Na chini, kwa herufi ndogo za kijivu: *Imerekebishwa na Mama Pacha.*

Damu ilimpanda. Maji ya baridi? Nani alisema maji yalikuwa ya baridi? Aliyachemsha mwenyewe! Ingawa, alipofikiri vizuri, alikumbuka alipigiwa simu na mdogo wake katikati, na ndoo ikakaa. Lakini Mama Pacha alilijuaje hilo? Huenda alimchunguza. Huenda alimhoji Mzee. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na hakusema kitu kwa mtu.

Aliandika: *Nimemlisha chakula cha mchana.* Kesho yake ikasomeka: *Amekula mwenyewe.* Aliandika: *Nimemshika mkono mpaka chooni.* Ikawa: *Amekwenda chooni.* Aliandika kwamba asubuhi Mzee alimwita yeye kwa jina la marehemu mkewe, akamtuma sokoni. Sentensi nzima ikayeyuka. Kila mahali chini yake, *Imerekebishwa na Mama Pacha.*

Usiku huo alimweleza mdogo wake, amesimama katikati ya vitambaa.

"Umeona ujanja? Ninachokifanya kinageuka amekifanya mwenyewe. Nikilisha, amekula mwenyewe. Nikimshika, amekwenda. Binti akisoma huko aliko atajiuliza, huyu wa asubuhi analipwa kufanya nini? Wanataka mhudumu mmoja badala ya wawili, na atakayebaki si mimi."

"Nani amesema wanataka mmoja?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana naogopa."

Mdogo wake alitoa pini mdomoni. "Dada, si umpigie tu umuulize?"

"Nimpigie mwizi nimuulize kama ameiba?"

Hakumpigia. Badala yake alitega mtego. Kesho yake, kabla ya kuondoka, aliandika uongo mtupu: *Mzee amesema hapendi mapishi ya jioni, hayana chumvi.* Mzee hakuwahi kusema jambo hilo. Alimwandikia Mama Pacha aone atafanya nini. Akapiga picha ukurasa wote kwa simu yake, akaaga, akaondoka akitembea kama mtu aliyeficha kuku chini ya kanga.

Asubuhi, mtego ulikuwa umenasa. *Mzee hakusema hivyo,* ukurasa ulisema. *Imerekebishwa na Mama Pacha.*

Bi Komeo alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Mtu mwenye kutulia angejiuliza: Mama Pacha amejuaje Mzee alisema nini asubuhi, naye hakuwepo? Swali lilipita mbele yake, likampungia mkono, na yeye akalipita. Hasira haina macho, na Bi Komeo, mwenye macho mengi kuliko sisi sote, siku hiyo alikuwa kipofu.

Jumatatu Mzee aliteleza bafuni.

Haikuwa kwa uzembe. Bi Komeo alikuwa amemshika, sabuni ikamponyoka, mguu wa kushoto ukakunjika chini yake, na wote wawili wakaishia sakafuni, yeye chini na Mzee juu. Alimwinua, akamkausha, akaukagua mguu. Ulikuwa umeanza kuvimba kidogo kifundoni.

"Usiandike," Mzee alisema.

"Mzee wangu, nisipoandika na kesho ukavimba zaidi, nitajibu nini? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo nakijua." Alivuta pumzi. "Usiandike, tafadhali."

Hakuwahi kumsikia akisema tafadhali. Lakini alikumbuka ile wodi, na mwenzake aliyeapa mbele ya wakubwa. Akaandika: *Mzee ameteleza bafuni, kifundo cha mguu wa kushoto kimeumia. Asitembezwe leo mpaka daktari amwone.* Akapiga picha. Mzee aligeuza uso ukutani, akakataa kumuaga.

Jioni Mama Pacha aliingia, akasoma ukurasa, hakukuta neno lolote la mguu. Alimtembeza Mzee mpaka getini na kurudi, kama daktari alivyoagiza kila jioni. Mzee alikaza meno, hakulalamika. Kufika usiku mguu ulikuwa umevimba vibaya, na ikabidi aitiwe gari apelekwe hospitali.

Kesho yake Sista na wahudumu wale wawili walikuwa ofisini, juu ya duka la magodoro. Binti wa Mzee alikuwa amepiga simu alfajiri, amekuja juu kama maziwa.

"Bi Komeo," Sista alisema, "kwa nini hukuandika?"

Hapa ndipo alipoishi mara ya pili siku ile ya hospitali. Chumba karibu kilekile, meza karibu ileile, na mtu wa kumtupia lawama amekaa pembeni na macho ya kondoo. Lakini safari hii alikuwa amejiandaa. Alitoa simu, akaweka picha mezani. Kisha akaweka ya pili, na ya tatu, na zote nyingine, kama mtu anayeangusha karata.

Sista alivaa miwani. Akafungua programu upande wa mabadiliko, akasoma kwa sauti: "*Limefutwa na Mama Pacha. Saa nane na dakika kumi.*"

"Saa nane na kumi mimi nilikuwa njiani!" Mama Pacha alisimama. "Sista, wallahi sikugusa. Naapa kwa wanangu."

"Jina ni la nani hapa?"

"Ni langu, lakini si mimi!"

"Na haya mengine? *Amekula mwenyewe. Maji yalikuwa ya baridi.*"

"Mimi nilidhani ni Bi Komeo mwenyewe anajirekebisha! Sisomi zile herufi ndogo, mimi nina haraka." Alimgeukia Bi Komeo, machozi yanamtoka. "Bi Komeo, kwa nini hukuniuliza? Siku zote hizi unanipiga picha, hukuniuliza hata mara moja?"

Bi Komeo alitazama dirishani. Alijihisi ametua mzigo wa miaka mingi. Kumbe haki nayo huja, akawaza. Sista alimsimamisha kazi Mama Pacha mpaka atakapoamua. Alimwondoa kwenye ratiba. Kumwondoa kwenye programu hakujua kunavyofanywa, akaliacha kwa siku nyingine.

Bi Komeo akashika zamu zote mbili. Mzee alirudi na mguu umefungwa bandeji, mkimya kuliko kawaida. Hakuuliza kwa nini Mama Pacha haji. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili, mchana, Bi Komeo aliandika: *Ameamka na maumivu, ametoa machozi.* Akaenda uani kuanika mashuka. Aliporudi jikoni na beseni tupu, akatupa jicho kwenye simu.

*Ameamka vizuri. Imerekebishwa na Mama Pacha.*

Beseni lilimponyoka. Yuko kwake, amesimamishwa kazi, na bado anamchezea! Alipiga simu hapohapo, mara ya kwanza tangu wafahamiane. Upande wa pili kulikuwa na kilio cha watoto wawili kwa mpigo.

"Unataka nini kwangu?" alisema Mama Pacha.

"Hiyo michezo ya kufuta uiache!"

"Kufuta nini? Hii simu yangu hata picha haionyeshi, kioo kimekwisha. Hiyo programu sijawahi kuiweka humu. Mimi nilikuwa naandikia kwenye tableti ya Mzee, na tableti nimeiacha hukohuko. Wewe ndiye uliye nayo. Iulize yenyewe!"

Simu ikakatwa. Bi Komeo alibaki ameshika simu jikoni. Hofu ilimshika, si ya majini, ila ya kuwa huenda alikosea.

Alitoka mpaka mlango wa sebuleni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, macho yamefumba. Tableti ilikuwa mezani pake, imechomekwa kama siku zote.

"Mzee, natoka kidogo dukani," alisema kwa sauti kubwa. Alifungua geti, akalibamiza ili lisikike, kisha akavua viatu, akarudi kwa ncha za vidole kwa mlango wa uani, viatu mkononi. Alisimama kwenye ujia, mahali ambapo mlango wa sebuleni haufungi vizuri na huacha ufa. Akaandika kwenye simu: *Mzee analala tangu asubuhi, hataki kuongea na mtu.* Akatuma. Akachungulia.

Tableti ililia mlio mdogo. Mzee wa Chapa akafumbua macho. Akaunyoosha mkono wa kushoto, akaivuta tableti mapajani, akaisogeza mbali kidogo na uso kama wazee wanavyosoma. Alisoma. Akatikisa kichwa. Kisha kidole kimoja kikaanza kugonga, polepole, na kwenye simu ya Bi Komeo maneno yake yakaanza kutoweka herufi moja moja, kutoka mwisho kuja mwanzo, kila kidole kinapogusa.

Alipoingia bado alikuwa na viatu mkononi.

"Mzee. Unafanya nini?"

Mzee hakuruka. Alimaliza neno alilolianza. "Nasahihisha," akasema.

"Unasahihisha!"

"Miaka yote nimesoma kazi za watu kabla hazijachapwa. Hii inanihusu mimi, nisiisome?" Alipumzika, akakusanya maneno. "Kila jioni binti yangu anasoma mlichoandika. Kila Jumapili ananiambia, baba, nimeona umelia. Baba, nimeona umelishwa. Chumba chako kiko tayari kwangu, ghorofa ya sita. Amekwisha nunua kitanda. Nikiingia mle sitarudi hapa, Bi Komeo. Wewe unalijua hilo."

Alilijua. Nyumba ile mke wake alikufia humo, na mashine ya kwanza ya kuchapia ilikuwa bado uani chini ya turubai, imeshika kutu. Lakini hasira ilikuwa karibu zaidi kuliko huruma.

"Na Mama Pacha? Ana watoto wawili! Amesimamishwa kazi kwa ajili yako!"

Mzee aliifunika tableti kwa kiganja. "Sikujua jina lake linatokea. Nilipojua, nilidhani atakaripiwa tu. Nimekaa siku mbili nikitafuta ujasiri. Sikuupata." Akamtazama Bi Komeo moja kwa moja. "Lakini na wewe. Mimi niliwahi kusema mapishi ya jioni hayana chumvi?"

Bi Komeo aliviweka viatu chini.

"Mengine yote niliyafuta kwa aibu yangu. Lile moja tu ndilo nililolirekebisha kwa sababu lilikuwa uongo."

Bi Komeo akakaa. Akakaa chini kabisa, sakafuni, karibu na mguu uliofungwa bandeji, viatu vyake pembeni. Alifikiri, na kwa mara ya kwanza hakufikiri juu ya watu wanavyomwinda. Alifikiri kwamba akimwambia Sista, Mama Pacha atarudi na Mzee atahamishwa, maana baba anayeficha kuanguka haachwi peke yake. Akinyamaza, Mzee atabaki, na yeye atabaki, na mwanamke mwingine atabeba jina baya kama alilobebeshwa yeye hospitali. Na yule aliyeapa uongo mbele ya wakubwa, safari hii, atakuwa yeye mwenyewe. Hakupenda kulijua hilo. Lilimuuma hasa.

"Siandiki mimi," alisema mwishowe. "Andika wewe."

"Niandike nini?"

"Yote. Kwa jina lako. Bora binti yako akusome wewe kuliko sisi."

Mzee alimtazama pale sakafuni. Kisha akaisogeza tableti, na Bi Komeo akamwonyesha pa kulitoa jina la Mama Pacha na kuliweka lake, maana jambo hilo yeye alilijua, kwa kuwa alijitoa kwenye programu kila alipomaliza zamu. Ilimchukua Mzee sehemu nzuri ya alasiri kwa kidole kimoja. *Mimi ni mwenye nyumba. Jumatatu niliteleza. Bi Komeo aliandika, nikafuta mimi. Mengine pia nilifuta mimi. Mama Pacha hakugusa chochote. Mwanangu, nililia kwa sababu mguu uliuma. Sitaki kuhama.*

Alipomaliza hakuitua. "Na wako?" aliuliza.

Bi Komeo alitoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. *Nilimsingizia Mzee neno ili nimnase mwenzangu. Hakulisema.* Akatuma kabla moyo haujageuka.

Binti alikuja Jumamosi na basi la asubuhi, mwanamke mrefu mwenye macho ya baba yake. Walizozana sebuleni mpaka majirani wakapunguza redio.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia ungenihamisha."

"Nilitaka kukuhamisha kwa sababu nilikuwa sijui kinachotokea humu! Nasoma *amekula, amelala, amekula*, kama nasoma habari za ng'ombe!" Alilia, akajifuta. Akausoma tena ule ukurasa alioandika baba yake, mara mbili. Hakusema baba atabaki milele. Alisema abaki kwa sasa, ukutani bafuni uwekwe mkono wa chuma wa kushikia, na kila siku baba aandike mstari wake mwenyewe, wa kweli, hata ukiwa mmoja. Sista, aliyekuwa amekaa kwenye kona na aibu yake, aliongeza neno la mwisho: Mama Pacha arudi kazini, na ile nusu saa imekufa. Wahudumu watakutana mlangoni kama zamani, simu mkononi, na wasome pamoja.

Jumatatu Bi Komeo alichemsha chai mapema. Aliweka vikombe viwili barazani. Alikuwa ametayarisha maneno tangu usiku, akayajaribu mbele ya mdogo wake, ambaye kwa mara ya kwanza hakucheka. Geti likalia.

"Shikamoo," Mama Pacha alisema. Alisema akipita, hakungoja marahaba.

"Mama Pacha. Nilikukosea. Sikukuuliza, na ilikuwa ni kuuliza tu. Nisamehe."

Mama Pacha alisimama. Alikuwa na simu mpya mkononi, ya bei rahisi, kioo kizima. Alimtazama usoni kwa muda, na uso ni kitu, lakini Bi Komeo hakuweza kuusoma.

"Nimesikia," alisema. "Soma."

Bi Komeo akasoma ukurasa wa asubuhi, mstari kwa mstari, pamoja na ule wa Mzee. *Chai leo ilikuwa ya moto,* Mzee alikuwa ameandika. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Chai yake hakuigusa. Kisha akainua simu yake mpya, akaielekeza kwenye ukurasa ulio mkononi mwa mwenzake, kuupiga picha kabla Bi Komeo hajaondoka.

Jua la saa nane lilikuwa linapiga kioo, ukurasa ukawa mweupe mtupu. Bi Komeo alihisi kitu kimemchoma kifuani, mahali palepale alipozoea kuwachoma wengine. Aliigeuza simu kidogo, akaikinga jua kwa kiganja chake, ili picha ya mwenzake itoke vizuri.